Sekunde 90 za Mwanzo

Kengele ikishalia, mchezaji ana kazi moja tu: asiguswe. Kwa sekunde 90 za mwanzo, zikihesabiwa kwa saa ya mchezo wenyewe wa video, Punch-Out!!, Mike Tyson hurusha ngumi za kupandisha, zile zitokazo kiunoni kuelekea kidevuni ambazo mabondia wetu huziita apakati, na kila moja ikimfikia Little Mac, bondia wa mchezaji, humlaza sakafuni. Haijalishi kama nguvu zake zimejaa au zimebaki chembe. Ngumi moja, yuko chini. Ukikwepa vizuri unapata upenyo mdogo wa kurudisha konde, kisha unarudi kusubiri. Ukikwepa mapema, unasimama tena katikati ya ulingo wakati ngumi ndiyo kwanza inafika. Ukichelewa, umekwisha anguka.

Mtoto wa Marekani aliyefika hapa mwaka 1987 alikuwa amepita mapambano 13. Alikuwa amemwangusha Glass Joe, Mfaransa aliyeshinda pambano moja na kupoteza 99. Alikuwa amegundua kwamba King Hippo, yule mnene, akipigwa mdomoni huvukwa na bukta, na kitovu chake kikabaki wazi kwa makonde. Alikuwa amemsimamisha Bald Bull katikati ya mbio zake za ng'ombe dume kwa konde moja la tumbo. Alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba anajua kupigana. Ndipo jina la mwisho likatokea kwenye skrini, na halikuwa la katuni. Lilikuwa la mtu aliyekuwa akionekana kwenye taarifa ya habari.

Michezo ya video imezaa mabosi wa mwisho wengi, na wapo wagumu kuliko huyu. Nimechagua kusimulia habari zake kwa sababu ugumu wake unaweza kufuatwa nyuma hatua kwa hatua, kutoka kwenye bohari la skrini zilizozidi mahitaji huko Kyoto, hadi kwenye chipu moja ndogo, hadi kwenye ulingo wa Las Vegas, kisha ule wa Tokyo. Na kwa sababu karibu miaka 40 baadaye bado wako watu wanaojifunza kumpiga.

Sisi neno bosi tulikuwa nalo zamani, la mtu anayetupa kazi. Kwa wacheza gemu, bosi ni adui anayelinda mlango wa kuingilia hatua inayofuata, na bosi wa mwisho hulinda mlango wa kutokea. Wa kwanza kufahamika ni joka la dhahabu katika mchezo ulioitwa dnd, uliotungwa mwaka 1975 na Gary Whisenhunt na Ray Wood wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois, kwa ajili ya mtandao wa kompyuta za kufundishia ulioitwa PLATO. Joka hilo lililinda tufe la thamani, na kulipata ndiko kulikoumaliza mchezo. Mwaka 1984 kampuni ya Irem ya Japani ikatoa mchezo wa kung-fu wenye jengo la ghorofa tano, na mwisho wa kila ghorofa kulikuwa na bingwa anayekusubiri. Mwaka uliofuata akaja Bowser, akimngoja Mario kwenye daraja juu ya moto. Mpaka hapo desturi ilikwisha shika mizizi: adui wa mwisho ni mkubwa kuliko wengine, na nguvu peke yake hazimtoi njiani.

Punch-Out!! haikuanza na wazo la kutengeneza adui mkubwa. Ilianza na hesabu ya stoo. Mwaka 1981 Nintendo ilipata mafanikio makubwa kwa mashine za Donkey Kong, zile za kutumbukiza sarafu, na katika kuharakia soko ikajikuta imenunua skrini nyingi kuliko zilizohitajika. Genyo Takeda, mhandisi aliyeingia kwenye kampuni hiyo mwaka 1972, akaombwa abuni mashine itakayokula skrini mbili kwa mpigo. Takeda hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Ndiye aliyetengeneza EVR Race ya mwaka 1975, mchezo wa kubashiri mbio za farasi kwa picha za video. Akachagua ngumi. Skrini ya juu ingeonyesha majina, sura na rekodi za wapiganaji, ile ya chini ingeonyesha ulingo. Shigeru Miyamoto, baba wa Donkey Kong, akawachora mabondia kwa mikono mipana ya mchora katuni.

Mashine ilipotoka mwaka 1984 watu waliona kitu ambacho hawakuwa wamekizoea. Mpinzani alijaza skrini. Ungeweza kuona akikunja uso, akitoa macho, akifungua mdomo kabla ya kupiga. Lakini hapo hapo palikuwa na tatizo. Mchezaji hutazama ulingo kutoka nyuma ya bondia wake, na bondia huyo akiwa na ukubwa wa kawaida, mgongo wake utamziba adui. Dawa iliyopatikana ni kumchora bondia wa mchezaji kwa mistari ya kijani tu, kama mtu aliyesukwa kwa waya, ili adui aonekane kupitia mwilini mwake.

Dawa hiyo haikufaa nyumbani. Mashine ya kuchomeka kwenye televisheni, ambayo Wajapani waliiita Famicom na Wamarekani NES, ilikuwa dhaifu mno ukilinganisha na ile ya ukumbini. Vitu vinavyosogea kwenye skrini yake, Mario au risasi au ndege, huundwa kwa vipande vidogo vya picha. Mashine huweza kuonyesha vipande 64 kwa wakati mmoja, na visivyozidi vinane katika mstari mmoja wa kulala. Vikizidi, vingine hupotea na picha huanza kumetameta. Bondia mwenye mabega yanayofika nusu ya skrini hawezi kujengwa kwa vipande vya namna hiyo.

Kikosi cha Takeda kikapita mlango wa nyuma. Badala ya kumjenga adui kwa vipande vinavyosogea, walimchora kama sehemu ya mandhari, sawa na kamba za ulingo na watazamaji waliokaa nyuma yake. Mandhari katika mashine ile hupangwa kwa vigae vya pikseli nane kwa nane, na idadi ya vigae vinavyopatikana kwa wakati mmoja ina kikomo. Kwa hiyo ndani ya kaseti waliweka chipu iliyoitwa MMC2, ambayo kazi yake ni kubadilisha seti za vigae katikati ya uchoraji wa skrini: mstari mmoja unapochorwa mashine inasoma seti hii, ikifika kwenye kigae fulani maalumu inahamia seti nyingine. Hivyo ndivyo sanamu kubwa iliyopaswa kusimama tuli kama ukuta ilivyopata kuinamisha kichwa, kutweta na kupepesa macho. Hakuna mchezo mwingine wa mashine ile uliotumia chipu hiyo. Ilitengenezwa kwa ajili ya ngumi hizi peke yake.

Akabaki bondia wa mchezaji. Mwili wa kuonekana kwa ndani haukuwezekana tena, wala mwili mkubwa. Kilichobaki ni kumfupisha mpaka kichwa chake kifike tumboni kwa adui, asizibe kitu. Ndipo akazaliwa Little Mac, kijana wa miaka 17 kutoka Bronx, uzito wake ratili 107, yaani chini ya kilo 49, akipanda ulingoni na majitu. Makoto Wada akawachora wapiganaji upya kwa mashine ya nyumbani, na pembeni ya Mac akawekwa kocha mnene aitwaye Doc Louis. Mario alipewa kazi ya urefa. Watu wengi wameipenda hadithi hii ya mdogo dhidi ya mkubwa, na wamedhani ndiyo iliyotangulia, kumbe ufinyu wa mashine ndio uliotangulia na hadithi ikaufuata. Mimi naona haipungui uzuri kwa kulijua hilo. Kwangu inaongezeka.

Ufinyu huo ulileta na jambo jingine, ambalo ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Kwa kuwa adui ni mkubwa, yuko mbele yako daima, na haondoki pale katikati, mchezo hauwezi kuwa wa kukimbizana. Unakuwa mchezo wa kusoma. Kila mpinzani ana lugha yake ya mwili: mmoja huinua nyusi, mwingine hutikisa glovu, wa tatu kito cha kilemba chake humweka. Mac ana mioyo inayohesabiwa. Akipiga ukuta wa mikono ya adui au akipigwa, mioyo inapungua, na ikiisha hubadilika rangi kuwa waridi na kushindwa kurusha hata konde moja mpaka akwepe. Anayepiga ovyo hujichosha mwenyewe. Anayetazama hupata nafasi.

Mwaka 1987 mchezo huo ulionekana kwanza Japani, nao haukuuzwa. Kaseti 10,000 za rangi ya dhahabu zilitolewa zawadi kwa washiriki wa mashindano ya mchezo wa gofu wa Nintendo. Ndani ya kaseti hizo mpinzani wa mwisho alikuwa Super Macho Man, mtunisha misuli wa California. Baada yake hakukuwa na mtu.

Wakati huo upande wa pili wa bahari palikuwa na kijana wa Brooklyn, aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1966, aliyechukuliwa na mzee Cus D'Amato akiwa mvulana mtukutu na kufundishwa ngumi katika mji mdogo wa Catskill, jimbo la New York. D'Amato alimfundisha kuweka glovu zote mbili mashavuni, kuyumbisha kichwa bila kupumzika, na kuingia ndani ya mikono ya mtu mrefu kabla mikono hiyo haijanyooka. Mzee alifariki Novemba 1985, hakuuona mkanda. Tarehe 22 Novemba 1986 huko Las Vegas, Tyson akiwa na miaka 20 alimwangusha Trevor Berbick katika raundi ya pili, Berbick akajaribu kuinuka na miguu ikamsaliti, akaanguka tena na tena kwa ngumi ile ile moja. Hakuwahi kuwapo bingwa wa uzito wa juu mwenye umri mdogo kama huo.

Minoru Arakawa, mwanzilishi na rais wa Nintendo ya Marekani, alimwona Tyson akipigana mwaka huo wa 1986 na akataka jina lake liwe juu ya kaseti. Inasemekana mkataba ulikuwa wa dola 50,000 kwa miaka mitatu. Kwa Nintendo ulikuwa mkataba wa bahati, maana mtu wao alizidi kupanda. Machi 1987 aliuchukua mkanda wa pili kwa James Smith, na Agosti 1 akauchukua wa tatu kwa Tony Tucker. Mchezo ulipoingia madukani Marekani mwezi Oktoba, ukiitwa Mike Tyson's Punch-Out!!, mwenye jina alikuwa bingwa asiyepingwa na yeyote duniani. Pambano la ziada likapandikizwa juu ya lile la Super Macho Man, likaitwa pambano la ndoto.

Turudi ulingoni, maana ndipo penye kazi.

Zile sekunde 90 hazikuwekwa ili kumwonea mtu. Zinamwachisha mchezaji tabia. Katika mapambano 13 yaliyopita amezoea kwamba kosa lina bei nafuu: ukipigwa unapungukiwa kidogo, unajipanga, unaendelea. Tyson analipandisha kosa bei mpaka halinunuliki tena. Ngumi zake zina ishara, ila ishara ni fupi, na mwenye kungoja aione ngumi yenyewe ndipo akwepe amekwisha chelewa. Inabidi ukwepe bega, siyo glovu. Ukianguka unabonyeza vitufe viwili kwa fujo ili Mac asimame kabla Mario hajamaliza kuhesabu, na ukianguka mara tatu katika raundi moja basi, pambano limekwisha. Kwa wengi lilikwisha kabla saa haijafika dakika moja. Walikuwa wametumia muda mrefu zaidi kufika pale kuliko kukaa pale.

Anayepita dakika moja na nusu hukuta mtu mwingine. Ngumi za kupandisha hukoma kwa muda, zikaja za kuzungusha, zenye madhara madogo lakini zenye mwendo mwingine kabisa. Hapa ndipo ninapoiona hekima ya waliomtunga. Mkono uliokwisha jifunza mapigo ya kwanza, ukahesabu kimyakimya kama mpiga ngoma, sasa unaponzwa na hesabu hiyo hiyo. Walioyavumilia makonde mazito wanaangushwa na mepesi, kwa sababu vidole bado vinacheza ngoma iliyopita. Baadaye Tyson hupepesa macho kabla ya kuanza mfululizo wa ngumi za haraka, na mchezaji asiyemtazama usoni hataona alama yoyote nyingine. Raundi ya pili hubadili tena mpangilio. Na ya tatu, kwa aliyefika huko, hupiganwa na mtu aliyechoka kuliko Mac.

Nimekaa mbele ya pambano hili usiku mwingi, na ninaweza kushuhudia kile ambacho wengi wamekieleza. Ushindi hautangulizwi na kuelewa. Unajua kila kitu kuhusu Tyson kwa siku nyingi na bado unaanguka. Kisha jioni moja unagundua kwamba kidole kimekwisha bonyeza kabla hujajiambia kibonyeze, na yule aliyekuwa mlima anakuwa mtu mwenye mazoea yake, kama jirani ambaye unajua saa atakayofungua dirisha. Anapoanguka mara ya mwisho, moyo unadunda kana kwamba aliyekimbia ni wewe.

Watoto wa mwaka 1987 hawakumfikia peke yao. Kaseti haikuwa na njia ya kuhifadhi safari ya mchezaji. Badala yake ilimpa namba ya siri ya tarakimu kumi, iliyopangwa kama namba ya simu za Marekani, aiandike mahali na kuiingiza siku nyingine. Kati ya namba hizo moja ilimpeleka mtu moja kwa moja kwa Tyson: 007-373-5963. Ilisambaa kwenye viwanja vya shule na magarini kama siri ya ukoo, na kuna watu wazima leo waliosahau namba za simu za wazazi wao lakini hii hawajaisahau. Kwa Kijapani tarakimu 5963 husomeka gokurosan, neno la kumpa pole na asante aliyefanya kazi ngumu. Watoto wa Ohio na Texas waliiandika kwenye madaftari bila kujua kwamba wanaandika salamu.

Waliokwama zaidi walipiga simu. Nintendo ya Marekani, huko Redmond katika jimbo la Washington, ilikuwa na washauri waliokaa mezani na madaftari ya michezo, kazi yao ikiwa ni kupokea simu na kumweleza mtoto wa watu apite wapi na apige lini. Nao pia walikuwa wamejifunza kwa kuanguka.

Wakati namba ile inasambaa, bondia wa kweli alikuwa akifanya mambo yaliyofanana na mchezo kwa namna ya kutisha. Tarehe 27 Juni 1988 huko Atlantic City alimmaliza Michael Spinks, ambaye hakuwa amewahi kushindwa, kwa sekunde 91. Wapinzani walikuwa wakipanda ulingoni wameshapigwa na hofu. Ilionekana kwamba Tyson wa nyama na Tyson wa vigae ni mtu mmoja, na kwamba wa vigae ndiye aliye rahisi.

Kisha ikaja Tokyo. Tarehe 11 Februari 1990 katika ukumbi wa Tokyo Dome, Tyson alikutana na James Douglas, aliyeitwa Buster, mtu ambaye huko Las Vegas ushindi wake ulipewa nafasi ya 42 kwa moja. Douglas alikuwa amemzika mama yake wiki chache kabla. Alipanda akiwa na mkono mrefu wa kushoto na utulivu ambao watu hawakuuzoea mbele ya Tyson. Alitumia mkono huo kumweka mbali, akasogea pembeni baada ya kila konde, akamsubiri aingie ndipo ampige akiingia. Mwishoni mwa raundi ya nane Tyson alimwangusha kwa ngumi ya kupandisha, na mwamuzi akafika tisa kabla Douglas hajasimama. Alisimama. Katika raundi ya kumi alimpandishia Tyson ngumi iliyokinyanyua kichwa chake, akafuatisha nyingine, na bingwa akaanguka kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ngumi za kulipwa. Picha iliyobaki ni ya Tyson akiwa amepiga magoti, akipapasa sakafu kutafuta kikinga meno chake.

Sisemi kwamba Douglas alijifunza chochote kwenye televisheni. Ila kila aliyekuwa amempiga Tyson wa kaseti alielewa alichokuwa akikitazama.

Mwaka huo huo mkataba wa miaka mitatu uliisha na Nintendo haikuuhuisha. Agosti 1990 mchezo ulitolewa tena ukiitwa Punch-Out!! tu. Mahali pa Tyson alisimama bondia wa kubuni, mweupe, aitwaye Mr. Dream. Hapa kuna jambo linalosimuliwa vibaya mara nyingi, na ni vyema liwekwe sawa: wengi husema Nintendo ilimfuta Tyson kwa sababu ya kesi ya ubakaji. Tyson alishtakiwa mwaka 1991 na kukutwa na hatia Februari 1992, wakati Mr. Dream alikwisha kuwa madukani muda mrefu. Kosa lile lilikuwa zito na linastahili kutajwa kwa jina lake, lakini silo lililobadilisha kaseti. Kilichobadilisha kaseti ni mkataba uliokoma, katika mwaka ambao mwenye jina alikuwa amepoteza mikanda yake.

Mr. Dream alipewa kichwa kipya na rangi mpya. Mengine yote yalibaki. Zile sekunde 90 zilibaki, kupepesa macho kulibaki, mpangilio wa ngumi haukuguswa. Aliyejifunza kumpiga mmoja alikuwa amejifunza kumpiga mwingine. Hata Nintendo ilipouza mchezo huo upya miaka ya baadaye kwa njia ya intaneti, aliyekuwamo ni Mr. Dream. Tyson alibaki kwenye kaseti za kijivu za kati ya mwaka 1987 na 1990, na waliokuwa nazo wakazitunza.

Anayejaribu leo hukutana na kikwazo ambacho watunzi hawakukiweka. Televisheni za zamani zenye kioo kizito zilionyesha picha mara ile ile mashine ilipoitoa. Televisheni bapa za sasa huichakata picha kwanza, na hilo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Kwa filamu haina neno. Mbele ya Tyson ni tofauti kati ya kusimama na kulala, na ndiyo maana wachezaji wa dhati bado wanahifadhi televisheni za kizamani zinazohitaji watu wawili kuzibeba.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mchezo huu umekwisha somwa wote. Mwaka 2009, katika mazungumzo yaliyochapishwa na Nintendo yenyewe wakati wa kutoa toleo jipya, ilielezwa kwamba kamera moja ya mpiga picha kati ya watazamaji humweka mwanga kwa wakati maalumu Bald Bull anapokuja mbio, na mwanga huo ndio unaokuambia lini upige. Ulikuwa pale kwa miaka 22. Mwaka 2016 mchezaji mmoja akagundua cha pili: mtazamaji mwenye ndevu, aliyekaa mbele, huinamisha kichwa katika wakati ule ule unaofaa kumwangusha mpinzani kwa pigo moja. Mamilioni ya watu walikuwa wametazama skrini ile na wasimwone, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwa adui. Wako pia wachezaji waliofumba macho kwa kitambaa na kupigana kwa kusikiliza, kwa maana kila ngumi ina mlio wake.

Na wako wanaoshindana na saa. Kati yao anajulikana sana Mmarekani atumiaye jina Summoning Salt, ambaye pia husimulia historia za rekodi za namna hii katika filamu ndefu na za makini. Kwa miaka kama mitano aliifuata rekodi moja tu, ya kumwangusha Tyson chini ya dakika mbili za saa ya mchezo. Jambo hilo lilikuwa gumu kwa sababu mbili: makonde lazima yatue katika fremu sahihi, na mashine huchora fremu karibu 60 kwa sekunde, halafu Tyson mwenyewe hubahatisha baadhi ya vituo vyake, hivyo hata mkono usiokosea unaweza kunyimwa. Alikaa na kuanza upya, akaanza upya, zaidi ya mara 75,000.

Novemba 2024 huko Arlington, Texas, Mike Tyson wa kweli, akiwa na miaka 58 na ndevu zenye mvi, alipanda ulingoni na kijana Jake Paul. Raundi zilifupishwa kuwa za dakika mbili. Baada ya raundi mbili za mwanzo miguu ilianza kumzidi, akawa anaitafuna glovu yake na kusubiri, na mwisho wa raundi ya nane majaji wakampa ushindi Paul.

Miezi michache baadaye, mwaka 2025, Summoning Salt aliwasha kaseti yake kwa mara nyingine. Tyson kijana alikuwa pale, mabega yaleyale, na kengele ikalia. Ngumi ya kwanza ikapandishwa, Mac akasogea pembeni. Alipoanguka Tyson mara ya mwisho, saa ya mchezo ilisimama kwenye 1:59.97.